Mlima wa Lodwar hauonekani kwa ramani

Wasee, leo tuongee baiskeli.

Kila nikiona orodha ya barabara kali za baiskeli Kenya huko mtandaoni, najua yaliyomo kabla sijaifungua. Kutakuwa na Iten. Kutakuwa na Ngong. Kutakuwa na mashamba ya chai ya Limuru na picha ya msee amevaa miwani ya bei ya mbuzi wawili. Siwalaumu. Ukitoka kwenye daraja la mto Kerio hadi Iten unapanda zaidi ya mita elfu moja, na huko Kikuyu ndiko David Kinjah alimfunza Chris Froome kabla dunia haijamjua. Milima imejipatia heshima yake.

Shida yangu ni ile komenti inayokuja kila nikiweka klipu ya Lodwar. "Huko ni tambarare tu bro, hata shosho anaweza." Halafu emoji tatu za kucheka.

Sawa. Tukienda na namba za mwinuko peke yake, huyo msee ameshinda. Lodwar iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini magharibi, imezidi hapo kidogo tu. Vilima vyetu ni vile vya mawe meusi vinavyozunguka mji, na kile maarufu zaidi, chenye sanamu ya Yesu amenyoosha mikono, unakipanda kwa miguu. Baiskeli unaiacha chini.

Lakini huku kuna milima miwili ambayo hakuna programu ya simu inayoihesabu. Wa kwanza ni upepo. Wa pili ni karatasi. Ngoja nianze na wa kwanza, kwa sababu huo angalau unamtesa kila mtu sawasawa.

Upepo wa Turkana si ule wa kupeperusha kofia halafu ukaisha. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa hali ya hewa, Kinuthia na Asnani, waliandika kuhusu mkondo wa hewa unaopita kwa kasi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Fikiria umebana mdomo wa bomba la maji kwa kidole: maji yale yale, lakini sasa yanaruka. Hewa inafanywa hivyo hivyo na milima ya pande mbili, na sisi tumejenga miji yetu katikati ya bomba. Inatoka kusini mashariki, mwaka mzima, na mkondo wenyewe huwa na nguvu zaidi usiku na asubuhi mapema. Si bure kwamba huko Loiyangalani, upande wa pili wa ziwa, wamesimamisha mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, megawati 310. Hiyo pesa yote haikuwekwa pale kwa sababu ya kaupepo ka jioni.

Sasa panda baiskeli ndani ya hiyo kitu. Ukienda kilomita 20 kwa saa na upepo wa kilomita 20 unakupiga usoni, kifua chako kinasukuma hewa kama cha mtu aliye kwenye kasi ya 40. Na hewa haidai nguvu mara mbili ukiongeza kasi mara mbili, inadai zaidi ya hapo. Mlima una kitu kimoja kizuri: una kilele. Ukifika unashuka, unapumzika, unapiga picha. Upepo hauna kilele. Unakanyaga saa mbili na hakuna mahali utasema nimefika juu. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi huu upepo umenipiga vya kutosha kuusifu.

Ongeza jua. Lodwar, wastani wa joto la mchana unazunguka nyuzi 35 karibu kila mwezi wa mwaka. Ongeza mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kula malisho. Mwiba wa mathenge unapita tairi kama sindano kwenye kitambaa, na unajua pancha imetokea kabla hata hujasikia hewa ikitoka. Baringo wakazi waliwahi kwenda kortini kwa sababu ya mti huu na mbuzi asiye na meno akapelekwa kama ushahidi. Mimi ningepeleka tyubu zangu.

Kwa hivyo kwa wale wanaoniuliza kwenye inbox, hizi hapa barabara zetu, nikizipanga kwa upepo wala si kwa mwinuko.

Ya kwanza ni ya asubuhi, ya kila mtu. Toka mjini Lodwar, vuka daraja la Turkwel, pita Kanamkemer, shika barabara ya Lokichar. Unaelekea kusini, kwa hivyo upepo unakukuta mbele au ubavuni ukiwa bado na nguvu na maji. Kilomita 15 au 20, geuza. Kurudi unasukumwa kama mtoto wa kwanza siku ya shule. Sheria ya huku ni moja: toka kwa shida, rudi kwa raha. Anayetoka kwa raha atarudi kwa nduthi, baiskeli iko begani.

Ya pili ni Kalokol, kama kilomita 60 hadi karibu na ziwa. Upepo unakupiga ubavuni upande wa kulia, kwa hivyo unaendesha umeinama kidogo kama mtu mwenye siri. Kabla hujafika Kalokol kuna Namoratunga, kando tu ya barabara: nguzo 19 za mawe zilizosimama tangu enzi ambazo hata wazee wetu hawazihesabu. Hadithi inasema walikuwa watu wanacheza ngoma, wakacheka walichokatazwa kucheka, wakageuka mawe. Simama, kunywa maji, waheshimu. Ukifika Kalokol utaona pia lile jengo la kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway, ambacho ziwa lilikikimbia. Hapo unajifunza kwamba Turkana haina haraka ya kumfurahisha mgeni.

Ya tatu ndiyo kubwa. Lodwar hadi Kakuma.

Hii ndiyo barabara ya A1, ile inayotoka Kitale ikienda Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Zamani ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vipande vya lami. Siku hizi imetengenezwa, ina lami ya kuteleza, na malori yanajua hivyo. Ukisikia lori nyuma yako, usishindane nalo, toka kando, liache lipite, funga macho kwa ajili ya vumbi. Beba maji mara mbili ya yale unayodhani yatatosha, kwa sababu kati ya kituo na kituo kuna mbuzi, ngamia, watoto wanaokuuliza "ejoka?" na hakuna duka. Na mvua ikinyesha hata mbali huko milimani, laga usiivuke. Laga kavu saa nne inaweza kuwa mto saa tano.

Lakini utamu wake! Upepo unatoka kusini mashariki na wewe unaenda kaskazini magharibi. Yaani kilomita 120, mkono uko mgongoni mwako. Nimewahi kuendesha hiyo barabara alfajiri nikahisi kama nimepona kitu. Miguu inazunguka yenyewe. Jua linachomoza nyuma, kivuli chako kinakutangulia kirefu kwenye lami, na milima ya Pelekech inaanza kujitokeza mbele polepole. Ukiniuliza barabara tamu zaidi ya baiskeli Kenya nitakujibu hiyo, na Iten wanisamehe.

Hapo ndipo ningemaliza posti kama mimi ndiye ninayeendesha peke yangu huku. Lakini siendeshi peke yangu.

Kakuma kuna baiskeli kuliko mji wowote ninaoujua huku kaskazini. Si za mazoezi. Ni zile za chuma, mamba, gia moja, kiti cha nyuma kimeshonewa mto ili abiria asiumie. Zinabeba unga, jerikeni, kuni, mama na watoto wawili, kitanda. Kambi ilianza 1992 na vijana waliotembea kutoka Sudan, na leo ukijumlisha Kakuma na makazi ya Kalobeyei unapata karibu watu laki tatu. Lodwar yenyewe, makao makuu ya kaunti, sensa ya 2019 iliipa watu elfu 80 na kitu. Kwa hivyo ule ndio mji mkubwa, hata kama ramani inauandika kwa herufi ndogo.

Nina jamaa yangu huko. Sitamtaja. Alizaliwa Kakuma, wazazi wake walitoka Sudan Kusini, umri wetu ni mmoja. Anabeba abiria kwa mamba yake tangu darasa la nane. Mara ya kwanza tulizunguka pamoja, kutoka laga ya Tarach hadi vijiji vya Kalobeyei na kurudi, mimi na gia zangu 21, yeye na gia yake moja na sandali za tairi. Aliniacha. Si kwa bahati, aliniacha kila mahali: kwenye mchanga, kwenye kokoto, na kwenye lami pia. Tulipofika soko la Wahabeshi alikuwa ameshaagiza kahawa na inaanza kupoa.

Nikamwambia, "Bro, wewe njoo Lodwar tuende Kalokol. Uone ziwa."

Akacheka. "Ziwa nimeliona kwa simu yako."

Nilidhani ni mambo ya pesa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Yeye akitaka kutoka Kakuma lazima awe na pasi ya kusafiri, na pasi inatolewa kwa sababu maalum: hospitali, shule, jambo ambalo linaandikika kwenye fomu. Aliwahi kuuliza kwenye ofisi moja. Sehemu ya "sababu ya safari" alitaka kuandika "kuendesha baiskeli". Karani akamtazama, akamuuliza kama anafanya mzaha.

Asubuhi nilipoondoka alinisindikiza kwa baiskeli hadi nje ya mji. Tukapiga stori, tukashindana kidogo, akashinda. Halafu mahali fulani, bila alama yoyote barabarani, akapunguza mwendo na kugeuza. Hakuna aliyemzuia. Anajua tu pale inapoishia, kama vile wewe unavyojua ukuta wa chumba chako gizani. Mbele kidogo kwenye kizuizi karao akaniuliza kitambulisho, akakitazama, akaniuliza kama nina wazimu kuendesha kwenye huu upepo, akanipungia mkono nipite. Dakika moja. Lami ile ile, jua lile lile.

Kurudi Lodwar upepo ulikuwa usoni, na kwa hiyo kasi ya kobe nilipata muda wa kufikiria. Mimi nikienda Kakuma, upepo uko nyuma yangu na sheria iko nyuma yangu. Yeye akitaka kuja Lodwar, vyote viwili viko usoni mwake. Barabara ni moja. Kwangu ni mteremko, kwake ni mlima, na hakuna futi moja ya mwinuko kati yetu.

Na kabla mtu hajaniambia "hayo ni mambo ya wakimbizi, wewe yanakuhusu nini", kumbuka sisi ni nani. Wakati wa mkoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Hii ndiyo sehemu waliyochagua kumtupa mtu wasiyetaka asikike: Kenyatta alifungwa Lokitaung, halafu 1959 akaletwa Lodwar kuishi chini ya ulinzi hadi 1961, na tunawaonyesha watalii nyumba yake kwa fahari. Yaani sisi ni watu ambao historia yetu yote ni ya kuzungushiwa mstari na mtu aliyekaa mbali. Tukikaa kimya mstari ukizungushiwa jirani, tutakuwa tumesahau haraka sana.

Najua jibu la upande wa pili, na si jibu la kijinga. Mpaka uko karibu, bunduki zimezagaa, na serikali ina haki ya kujua nani anaingia na nani anatoka. Wenyeji pia wana malalamiko ya kweli: kuni, maji, kazi, misaada iliyopita mbele ya nyumba zao miaka mingi ikielekea kambini. Mimi ni Mturkana, hayo malalamiko nimeyasikia mezani kwetu kabla sijaenda shule. Lakini kijana anayetaka kuendesha baiskeli kilomita 120 kwenye upepo mchana kweupe ndiye mtu rahisi zaidi kumjua yuko wapi. Hajifichi. Anaonekana kutoka kilomita mbili.

Tena tuna mfano. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilikwenda Olimpiki ya Rio. Walikuwa wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliotokea Kakuma. Rose Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Hao hawakupata mbio kwa kutolewa kambini. Mbio walikuwa nazo. Walichopata ni mtu, Tegla Loroupe, aliyekuja na majaribio, na mlango uliofunguliwa wakaenda Ngong kufanya mazoezi. Paris 2024 timu hiyo ya wakimbizi ilikuwa na mwendesha baiskeli, Eyeru Gebru kutoka Tigray, anayeishi Ufaransa. Mimi namfikiria jamaa yangu na gia yake moja, na najiuliza ni wangapi kama yeye wanabeba unga wa watu sokoni sasa hivi, wakiwa na mapafu ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.

Sheria yenyewe imeanza kusogea. Kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kambi ziwe makazi ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya biashara pamoja. Maneno mazuri. Lakini mji ambao watu wake hawawezi kwenda mji wa jirani bado ni kambi, hata ukiupa jina lipi.

Kwa hivyo ombi langu si kubwa. Siombi mipaka ifutwe. Naomba siku moja. Kaunti ina idara ya michezo, kambini kuna vyama vya vijana, Lodwar tuna mbogi ya waendesha baiskeli inayokua. Tuandike barua moja, orodha moja ya majina, pasi moja ya kundi, sababu ya safari: mashindano ya baiskeli. Kakuma hadi Lodwar. Ndiyo, huo upande, wenye upepo usoni, kwa sababu ndio wanaoujua. Gari la maji nyuma, karao akitaka aje na pikipiki yake, atatusaidia na malori. Wenye gia na wenye mamba, waanze pamoja.

Barua nimeshaianza. Imetoka ukurasa mmoja na nusu, na ile sehemu ya sababu ya safari nimeiandika kwa herufi kubwa ili karani asidhani ni mzaha. Kama uko Lodwar, Kakuma, Kalobeyei au Loki na una baiskeli yoyote inayozunguka, nitumie meseji nikuongeze kwenye orodha. Kama uko Nairobi na unajua mtu anayejua mtu, wewe pia.

Na yule msee wa shosho, karibu sana. Leta baiskeli yako ya kaboni na miwani yako. Uje na tyubu sita.